Shingo Inapokazwa na Wasiwasi

Msimu wa korosho ukishika kasi hapa Mtwara, wanaokuja kulalamikia shingo huwa hawafanani. Yupo aliyeshinda ameinama mikorosho kwa mikorosho akiokota. Huyo akipumzika siku mbili tatu, anapata nafuu. Na yupo asiyeokota hata punje moja. Anasubiri mnada, deni la dawa ya kupulizia limemkaa kichwani, usingizi hauji, moyo unamwenda mbio, mabega yamepanda karibu na masikio.

Huyu wa pili hadanganyi wala hajarogwa. Hofu huuandaa mwili kupambana au kukimbia, na misuli ya shingo hukaza. Jambo likipita, hulegea. Wasiwasi ukidumu karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi, na mwenyewe hawezi kuuzuia, huo ni ugonjwa, na misuli kukaza ni mojawapo ya dalili tunazoziulizia.

Wengi huanza kwa kutafuta wa kuwanyoosha. Tiba ya kairopraktiki, yaani ya kunyoosha mgongo na shingo kwa mikono, ilianza Marekani mwaka 1895, mwanzilishi wake, D. D. Palmer, akiamini kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili za uti wa mgongo zilizohama. Hilo halikuthibitika. Kunyooshwa shingo kwa mikono kunaweza kuwapunguzia baadhi ya watu maumivu ya shingo, hasa kukiambatana na mazoezi; kwamba kunatibu wasiwasi, ushahidi wake ni hafifu. Ule mlio wa “ka!” wala si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo.

Nao vinyozi wetu (nami nanyolewa hukohuko) wana mtindo wa kukushika kidevu na kisogo, kisha kukuzungusha ghafla. Mishipa miwili inayopeleka damu nyuma ya ubongo hupita kwenye matundu ya pingili za shingo. Ni nadra, lakini mshipa huweza kuchanika na kuleta kiharusi. Mwambie: masaji sawa, shingo usiivunje.

Wasiwasi wenyewe hutibiwa kwa ushauri wa kisaikolojia, dawa, au vyote viwili. Daktari atapima pia damu na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi iliyozidisha kazi huweza kuleta dalili zinazofanana.

Na kama umeshazungushwa shingo, kisha kichwa kikauma ghafla kuliko ulivyozoea, ukaona vitu viwiliviwili, ulimi ukawa mzito au ukayumba ukitembea, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyohiyo.