Kondoo wa New Zealand: ile hesabu ni ya zamani

Wengi wanaamini New Zealand ina kondoo zaidi ya 20 kwa kila mtu na idadi inazidi kupanda tu. Ilikuwa kweli zamani: mwaka 1982 kondoo walifika kama milioni 70 na watu milioni 3 na kitu. Baadaye serikali ikaondoa ruzuku za wafugaji, bei ya sufu ikashuka, wengi wakahamia ng'ombe wa maziwa, mpaka leo kondoo wako chini ya milioni 25, yaani kati ya wanne na watano kwa mtu. Wapo pia wanaoilinganisha New Zealand na Afrika nzima: huko kipindi hichohicho kondoo wameongezeka sana, sasa ni mamia ya milioni, lakini jamani bara lina nchi zaidi ya 50, huwezi kulilinganisha na nchi moja kwa idadi tupu.

Ukitaka kuhakiki, tafuta takwimu za mifugo mtandaoni, chukua mnyama yuleyule na miaka ileile, gawanya idadi ya mwisho kwa ya mwanzo kila upande, utaona nani kapanda (jibu zaidi ya 1) nani kashuka (chini ya 1). Na angalia sana kama ni sensa au makadirio, maana nchi nyingi hazihesabu mifugo kila mwaka.