Mtahini Hasomeshwi Sheria: Maana ya Mafunzo ya Watahini wa Uwakili

Katika kikao kimoja cha wanasheria nilichohudhuria hivi karibuni, msemaji mmoja aliyezoea kusikilizwa alisema kwamba kule Marekani watahini wa mawakili hurudishwa darasani kila mwaka "kusomeshwa sheria upya", na ukumbi mzima ukacheka kwa namna ya watu waliothibitishiwa jambo walilokuwa wakilishuku siku nyingi. Nilinyamaza, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu kwa umri na kwa taaluma. Lakini kauli hiyo nimekwisha kuisikia mara nyingi mno, kwa maneno tofauti na kwa watu tofauti, na kila mara kosa ni lile lile.

Mafunzo ya watahini wa uwakili ni elimu ya kitaaluma wanayopewa wale wenye dhamana ya kuamua nani anastahili kuingizwa katika daftari la mawakili: wanaotunga maswali, wanaosahihisha majibu, wanaoweka kiwango cha kufaulu, wanaochunguza mwenendo wa mwombaji, na maofisa wanaoendesha shughuli yote hiyo. Kinachofundishwa humo si sheria, bali upimaji. Hiyo ndiyo maana yake, na ingetosha kuishia hapo kama neno lenyewe, mtahini, lisingekuwa limevurugwa kiasi hiki.

Vurugu la kwanza ni la tahajia, na linaanzia mbali na mahakama. Kila msimu wa matokeo tunasoma kwamba wanafunzi "wamefanya mtahini" au kwamba "mtahini ulikuwa mgumu", ilhali mtahini ni mtu, naye huwa mgumu kwa namna nyingine kabisa. Kinachofanywa ni mtihani, anayeufanya ni mtahiniwa, na anayemfanyisha ni mtahini. Kosa hilo lina sababu yake, nayo inapendeza kuifuatilia. Neno la Kiarabu lililotuletea ukoo huu ni imtihani, ambalo mzizi wake ni konsonanti tatu, m-h-n. Ile t iliyokaa katikati haimo katika mzizi, kwa kuwa ni herufi ambayo Kiarabu huiingiza baada ya konsonanti ya kwanza ili kuunda umbo jingine la kitenzi. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kiliiacha irabu ya mwanzo, kisha kikaisikia m kana kwamba ni kiambishi cha ngeli ya M-MI, ndiyo maana wingi wake ni mitihani, sawasawa na mikate na mito. Baada ya kuisikia m kuwa kiambishi, ilikuwa rahisi kuivua ili kupata kitenzi, na tukapata kutahini. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: katika kutahini tumeitupa m, ambayo ndiyo ya mzizi, tukaishika t, ambayo ni ya kupachikwa. Kisha, tulipotaka jina la mtendaji, tukarudisha m mbele, lakini m hii ya pili si ile ya kwanza. Ni m ya mtu, ile ya mlezi na mkulima. Kwa hiyo mtihani na mtahini yanafanana machoni tu, kwa maana m ya la kwanza tuliipokea pamoja na neno na m ya la pili tumeiweka wenyewe, na anayeyachanganya anachanganya chombo na mwenye chombo. (Wapo pia wanaoandika "kutahiri" wakikusudia kutahini, nao nawaachia makungwi na mangariba.)

Mzizi huo m-h-n ndio uliozaa pia mihna, yaani shida inayompata mtu ili subira yake ijulikane, na maana hiyo tumeibakiza tunaposema kwamba maisha ni mtihani. Watahiniwa wengi wa uwakili wangeapa kwamba hiyo ndiyo maana pekee. Hata hivyo wanakamusi wa Kiarabu wa zamani wanataja maana nyingine, nayo ni kuisafisha fedha kwa moto, fedha ile ya madini, ili itengane na taka zake. Maana hiyo ndiyo inayonifaa zaidi hapa, kwa kuwa inaonyesha kazi ya mtahini ilivyo. Anayeijaribu fedha kwa moto si lazima awe ndiye aliyeichimba, wala si lazima awe ndiye atakayeifua iwe bangili. Anachotakiwa kukijua ni moto: uwe mkali kiasi gani, ukae muda gani, na ufanane kwa kila kipande kinachotiwa ndani yake. Sonara anayejua kila kitu kuhusu vito lakini moto wake leo ni mkali na kesho ni hafifu ataitupa fedha safi na kuisifu iliyochanganywa, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Hapo ndipo palipo tofauti inayonisumbua. Watu wengi, na wanasheria wakiwa wa kwanza, huamini kwamba anayeijua sheria vizuri anajua pia kumpima mwingine katika sheria, na kwamba mafunzo yoyote anayopewa mtahini lazima yawe ni ya kujazia upungufu wa sheria kichwani mwake. Huko ni kuyachanganya mafunzo ya watahini na elimu endelezi ya mawakili, ambayo ni jambo jingine kabisa. Nchini Kenya, kwa mfano, wakili anayetaka kuhuisha cheti chake cha kila mwaka hudaiwa pointi za elimu endelezi, naye huzipata kwa kuhudhuria semina za sheria ya ardhi, kodi, usuluhishi na kadhalika. Hiyo ni elimu ya sheria kwa mwanasheria. Mtahini naye, akiwa ni wakili, huihudhuria kama wenzake, lakini akitoka huko hajajifunza lolote kuhusu jinsi ya kutunga swali lisilo na majibu mawili sahihi.

Majina ya wahusika nayo yameshikanishwa mno. Msimamizi ni yule anayezunguka ukumbini akiangalia saa na mikono ya watu. Msahihishaji husoma majibu na kutoa alama kwa kufuata mwongozo. Mwalimu hufundisha, na ni kawaida kwake kutaka wanafunzi wake wafaulu. Mtahini ndiye anayebeba dhamana ya uamuzi wenyewe, kwamba alama hii ina maana hii na kwamba huyu apite na yule asubiri. Mtu mmoja aweza kuvaa kofia zote nne, na mara nyingi huzivaa, lakini kofia hazigeuki kuwa moja kwa sababu kichwa ni kimoja. Sheria za Kenya za mwaka 2012 ziliamua kuzitenga baadhi ya kofia hizo: Shule ya Sheria ya Kenya ikabaki na kazi ya kufundisha, na Baraza la Elimu ya Sheria likapewa mtihani wa kuandika. Sidai kwamba utengano huo umemaliza malalamiko, maana hakuna mtihani wa uwakili usiolalamikiwa popote duniani, lakini angalau umefanya swali la nani ni mtahini liwe na jibu.

Kwetu Tanzania tulipata nafasi nzuri ya kuijadili tofauti hii mwaka 2022, nasi tukaipita. Matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo mhitimu wa sheria huipitia kabla ya kuwa wakili, yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioondolewa 265. Nchi nzima ilizungumza, na serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Katika mazungumzo niliyoyasikia mimi, mitaani na maofisini, kambi zilikuwa mbili: wapo waliosema vyuo vikuu vinatoa wahitimu dhaifu, na wapo waliosema watahini wanawakomoa vijana. Wachache sana waliuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia yote, yaani kama moto wa mwaka huo ulikuwa sawa na moto wa miaka iliyotangulia. Asilimia nne ya waliofaulu peke yake haiwezi kukuambia kama fedha ilikuwa mbovu au moto ulizidi. Kulijibu swali hilo kunahitaji ujuzi maalumu, na ujuzi huo haumo katika shahada ya sheria.

Marekani wameufanyia kazi ujuzi huo kwa muda mrefu, nadhani kwa sababu ya lazima zaidi kuliko hekima. Huko kila jimbo hutoa leseni zake za uwakili kwa mamlaka ya mahakama yake ya juu, kupitia bodi ya watahini ambao kwa kawaida ni mawakili na majaji wenye shughuli zao nyingine. Mwaka 1931 bodi hizo zilipata chombo cha kuwaunganisha, Mkutano wa Kitaifa wa Watahini wa Uwakili, ambao leo makao yake yako Madison, Wisconsin. Inachekesha kwamba katika jimbo hilo hilo wahitimu wa vyuo vya sheria vya jimboni huweza kupokewa uwakili kwa shahada yao bila kuufanya mtihani. Tangu 1972 chombo hicho kimekuwa kikitoa mtihani wa maswali 200 ya kuchagua, ambao majimbo mengi huuchanganya na insha. Kila mwaka huwaita watahini, majaji na maofisa wa usajili katika mkutano wa mafunzo, na kila baada ya mitihani ya Februari na Julai huendesha semina za kusahihisha insha. Mikutano hiyo ndiyo aliyoisikia msemaji wetu.

Katika semina ya usahihishaji, wasahihishaji hupewa majibu yale yale, kila mmoja akayapima kivyake, kisha wakalinganisha walichotoa na kuelezana kwa nini. Sharti hapo si jibu gani ni sahihi kisheria, kwani hilo limekwisha kuandikwa katika uchambuzi waliopewa. Sharti ni kwamba jibu la kati liitwe la kati na kila mmoja wao, asubuhi na jioni, katika daftari la kumi na katika daftari la mia nne. Yeyote aliyewahi kusahihisha rundo kubwa anajua jinsi jibu la kawaida linavyong'aa likifuata majibu matano mabaya, na jinsi ukarimu unavyopungua kadiri chai inavyopoa.

Wanafundishwa pia ulinganishaji wa alama, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu neno hili nalo hutumiwa vibaya kila siku kwa maana ya kupandisha alama ili watu wafaulu. Kulinganisha si kupandisha. Karatasi mbili haziwezi kuwa na ugumu ulio sawa kabisa, hata zikitungwa na mikono ile ile. Kwa hiyo maswali kadhaa yaliyokwisha kujulikana ugumu wake hurudiwa katika karatasi mpya, na kwa kuyatazama hayo hujulikana kama watahiniwa wa safari hii ni bora zaidi au karatasi yao ndiyo nyepesi. Alama ya mtu hurekebishwa kufuatana na hilo, na aweza kushuka kama anavyoweza kupanda. Kisha kuna kuweka kiwango cha kufaulu, ambako njia iliyoenea zaidi ni ile inayoitwa kwa jina la William Angoff, aliyeieleza mwaka 1971. Jopo humfikiria mtahiniwa aliye ukingoni kabisa mwa kustahili, kisha kwa kila swali huuliza mtu kama huyo ana uwezekano kiasi gani wa kulipata. Maofisa wa kuchunguza mwenendo nao wana vikao vyao juu ya madeni, makosa ya zamani na ukweli katika fomu, jambo linalostahili makala yake.

Isidhaniwe kwamba natetea upimaji dhidi ya sheria. Februari 2025 jimbo la California lilijaribu mtihani wake mpya, mitambo ikawaangusha watahiniwa wengi, na baadaye ikafichuka kwamba maswali 23 kati ya 171 yaliyohesabiwa yalitayarishwa kwa msaada wa akili unde na mshauri wa jimbo katika upimaji, asiye mwanasheria. Mahakama ya juu ya jimbo iliamuru mtihani wa Julai urudi kwenye ule mtihani wa kitaifa wa maswali 200. Hapo moto ulikuwa na mwangalizi wake, lakini mwangalizi huyo hakuijua fedha. Mtahini anahitaji vyote viwili, na kwa kuwa cha kwanza, sheria, anakuja nacho, kilichobaki cha kufundishwa ni hicho cha pili.

Nikikutana tena na mkubwa wangu yule, nitamwomba abadilishe maneno mawili tu katika sentensi yake. Ni kweli kwamba watahini wa Marekani hurudi darasani kila mwaka. Lakini mahali aliposema "kusomeshwa sheria", aseme "kufundishwa kupima". Na akipenda kuacha ile "upya", nitashukuru, maana wengi wao huwa wanafundishwa hilo kwa mara ya kwanza.