Kufufua Chapa ya Bia: Maana Yake, kwa Mfano wa Narragansett

Kufufua chapa ni kulichukua jina la bidhaa lililofifia, ambalo watu bado wanalikumbuka, na kulirudisha sokoni. Anayelinunua jina la namna hiyo hununua hasa kumbukumbu za wateja, kwa sababu mitambo, majengo na wafanyakazi mara nyingi huwa havipo tena. Kwa bia kazi hii ni ngumu kuliko ilivyo kwa nguo au viatu, maana mnywaji ataionja, na ulimi wake una kumbukumbu zake.

Mfano ninaoupenda ni Narragansett, bia ya Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1890 mjini Cranston na wafanyabiashara wenye asili ya Kijerumani. Kilivuka miaka ya marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, kisha kikakua hadi kuwa kikubwa kuliko vyote New England, eneo la majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kilidhamini matangazo ya mechi za besiboli za Boston Red Sox, na mtangazaji Curt Gowdy akawazoesha wasikilizaji salamu ya bia hiyo: "Habari, jirani!" Kwa wengi, sauti ya mpira na jina la Narragansett vilikwenda pamoja.

Mwaka 1965 kampuni ya Falstaff ya St. Louis ilikinunua. Mwaka 1981 kiwanda cha Cranston kikafungwa na bia ikahamishiwa Fort Wayne, Indiana. Jina lilibaki kwenye kopo, lakini wanywaji walilalamika kwamba ladha si ile, na ajira za watu wao zilikuwa zimekwenda. Bia iliyojiita jirani ilikuwa inapikwa mbali, na wateja wakaiacha.

Mwaka 2005 Mark Hellendrung, mtu wa Rhode Island aliyewahi kuongoza kampuni ya juisi ya Nantucket Nectars, alishirikiana na wawekezaji kulinunua jina hilo kutoka Pabst, kampuni ya bia iliyokuwa ikilimiliki wakati huo. Akamrudisha Bill Anderson, aliyekuwa mpishi mkuu wa bia hiyo, ili ladha ya zamani ipatikane tena. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliobeba mengine yote; tangazo zuri humfanya mtu anunue kopo la kwanza tu.

Matangazo nayo yalitumia historia ya kweli. Katika filamu ya Jaws ya mwaka 1975, nahodha Quint anaminya kopo la Narragansett kwa mkono mmoja. Mwaka 2012 kampuni ikatoa makopo yenye sura ileile ya 1975 na kuwaita wanywaji waminye kama Quint. Pia ilishirikiana na majina mengine yanayopendwa Rhode Island: kinywaji cha limau cha Del's na kahawa ya Autocrat. Vijana waliozaliwa baada ya 1981 waliipata bia ya babu zao ikiwa pamoja na ladha walizokua nazo wenyewe.

Kwa miaka mingi baada ya ununuzi huo, bia nyingi ilipikwa kwa mkataba Rochester, New York. Mwaka 2017 sehemu ya upishi ilirudi Rhode Island, mjini Pawtucket, na mwaka 2021 kampuni ikafungua kiwanda chake yenyewe mjini Providence. Cranston haikuwezekana tena, kwani kiwanda cha zamani kilikwisha bomolewa.