Chakula cha kempi, na hiyo sigiri (jiko la makaa) mnayoingiza kwenye tenti

Mimi ni nesi, wenyewe wananiita musawo, nafanya kazi kwenye kituo cha afya huku Sebei, Uganda, kwenye Mlima Elgon, si mbali na maporomoko ya Sipi. Likizo ikifika, Disemba na Pasaka hasa, vijana wanapanda kutoka Kampala, Jinja na Mbale, wengine wanavuka mpaka wa Suam wakitokea Kenya, wana matenti, wana spika, wana gunia la makaa. Karibuni sana. Maswali wanayoniuliza ni yale yale kila mwaka, mengi ni ya chakula na mimi chakula napenda kukiongelea kwa hivyo nitajibu, ila kuna kitu kimoja, msiingize sigiri kwenye tenti, nitakirudia mpaka mnichoke kwa sababu ndo kinaniamsha saa tisa za usiku.

Musawo, tupike nini kempi, kitu rahisi na kitamu kisichotukalisha kwenye moto siku nzima?

Rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, hapo hata sifikirii mara mbili. Chapati mnapika nyumbani siku ya safari, mnaziacha zipoe kabisa ndo mnazifunga kwenye kitambaa kisafi, maana ukizifunga zikiwa moto zinatoa jasho na siku ya pili zina ukungu. Mkifika mnapiga mayai mawili kwa kila mtu na kabichi iliyokatwa nyembamba, kitunguu, nyanya na chumvi, mnakaanga, chapati inalala juu, mnageuza, mnakunja, mnakula. Dakika tano. Yai liive pande zote, sitaki kusikia habari ya yai linalotiririka kwa watu wanaonawa mikono na nusu kikombe cha maji.

Cha pili ni mukene, wale dagaa wadogo, na karanga. Mukene mkavu hauhitaji barafu, unakaa kwenye begi wiki nzima bila shida. Toa vichwa, ukaange bila mafuta mpaka unukie, uoshe na maji ya moto, halafu kitunguu na nyanya, halafu karanga ya kusaga uliyoikoroga na maji kwanza. Acha ichemke polepole dakika kama 15 na usiache kukoroga, karanga ikishika chini sufuria nzima inanuka kuungua. Kula na posho, yaani ugali, au na Irish, viazi vya mviringo, za kuchemsha. Karanga ikiwa chungu au ina ukungu tupa, usiniambie umeichemsha, sumu ya ukungu ule haiondoki kwa kuchemsha.

Gonja, ile ndizi kubwa tamu, ikiiva vizuri mnaichoma juu ya makaa, watoto hawatawasumbua tena. Malewa je? Malewa ya Bugisu, yale machipukizi ya mianzi, na karanga hakuna chakula kitamu kama kile mlimani huku, nabisha na yeyote, ila inataka muda mrefu jikoni, kuleni kwa mama mmoja Mbale mkiwa njiani.

Na wale mnaopanda mpaka Wagagai, kilele cha Elgon, kule ni mita 4,321, maji yanachemka chini ya nyuzi 90 kwa hivyo maharage makavu mtayachemsha mpaka makaa yaishe na bado yatagonga meno. Bebeni vitu vinavyoiva haraka, mukene, mayai, unga wa uji, karanga za kukaanga.

Nyama tunaweza kutoka nayo Kampala?

Igandishe kabisa, iweke kwenye kibebeo chenye barafu, ipikeni jioni ile ile ya kufika. Nyama mbichi iliyolala kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kwenye buti la gari saa sita za jua, hiyo tupeni. Ni bora mnunue kuku huku juu akiwa anatembea.

Mvua ikianza na sufuria bado iko motoni, si tunaingiza sigiri kwenye tenti tumalizie tu?

Hapana.

Nimejibu kwanza ndo naeleza. Huku mvua ni kawaida, kwa hivyo ile plani ya kuanza kupika saa mbili usiku ndo inawaingiza kwenye matatizo. Anzeni saa kumi, mpaka saa kumi na mbili mmeshakula. Bebeni turubai moja na kamba, mlifunge kwenye miti mbali na tenti, juu kabisa, pande zote zikiwa wazi, mpikie chini yake. Mvua ikizidi, zimeni moto mle chapati kavu na parachichi. Hakuna mtu nimewahi kumlaza kitandani kwa sababu alikula chapati kavu.

Lakini musawo, makaa yakishakuwa mekundu hayana moshi tena. Si hapo ni salama kuyaingiza?

Hili ndo swali lenyewe, na kila anayeniuliza anaongea kama mtu aliyegundua siri. Aliambiwa na shangazi, shangazi aliambiwa na jirani, yakishaiva hayana neno.

Hapana. Hapana kabisa. Moshi unaouona ndo unakukohoza na kukutoa machozi, unakufukuza utoke nje, kwa hivyo angalau unakuonya. Kinachoua ni hewa nyingine inaitwa kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, haichomi macho, na makaa mekundu yanaitoa muda wote, hata yakiwa yamefunikwa na majivu na wewe unaona kama yamekufa. Kwenye nafasi ndogo isiyo na hewa ya kutosha yanaitoa zaidi. Hewa hiyo ikiingia kwenye damu inakamata pale pale oksijeni inapotakiwa kubebwa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Unapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Unasikia usingizi mtamu. Ndo maana watu hawaamki kukimbia.

Kwa hivyo makaa mekundu hayawi salama ndani ya tenti. Ya kijivu pia hayawi salama. Ya kutoka dukani yaliyoandikwa hayana moshi, vile vile. Sijui nilisemeje tena.

Tukiacha zipu wazi kidogo? Au tukiweka beseni la maji pembeni livute ile hewa?

Beseni la maji halivuti chochote, hiyo hewa haijali maji. Na zipu, wewe unaifungua saa nne ukiwa macho, saa saba baridi inamkuta mwenzako anaifunga bila hata kuamka vizuri. Hata ikibaki wazi haitoshi. Ile sehemu ya mbele ya tenti yenye kipaa, mnapoacha viatu, nayo ni ndani, msinidanganye na maneno, nimeona sigiri pale na upepo unasukuma kila kitu kwa waliolala. Banda la udongo lililofungwa madirisha ni hivyo hivyo, na gari pia.

Basi gesi ndogo ya kempi si ni nzuri, haina makaa?

Nje ni nzuri sana. Ndani ya tenti nayo inamaliza oksijeni na inatoa hewa ile ile, halafu kuna moto wenyewe, kitambaa cha tenti kinashika na kuyeyuka juu ya ngozi na hayo madonda kuyasafisha ni kazi ambayo sipendi kuifanya kwa mtoto wa mtu. Stovu ya mafuta ya taa, jibu ni hilo hilo.

Sasa musawo wewe unakaa nyumbani kwenye blanketi, sisi baridi tuifanye nini?

Hapo mna haki, baridi ya huku si mchezo, na najua wengi hawaingizi sigiri kwa ajili ya chakula, wanaingiza kwa ajili ya miguu. Baridi nyingi inatoka chini. Wekeni mkeka, juu yake makatoni au godoro jembamba, kabla hata hamjafikiria blanketi la juu. Soksi za kulalia ziwe kavu, zile ulizotembea nazo zina jasho, vua. Vaa kofia. Kuleni vizuri jioni, mtu mwenye njaa hapati joto, na uji wa mtama au wa mahindi wenye tangawizi na karanga mnaupika wa mwisho kabla ya kuzima moto, mnaujaza kwenye flaski, saa saba za usiku mtu akiamka anatetemeka anakunywa uji moto bila kuwasha chochote. Halafu chukueni chupa imara yenye mfuniko unaobana, maji ya moto lakini si yanayotokota, izungushie sweta, iweke miguuni. Waragi, pombe yetu kali, haisaidii, inakudanganya una joto huku mwili unapoteza joto, na ukiwa umelewa dalili za hewa mbaya hutazijua.

Makaa yakibaki mnamwagia maji, mnakoroga, mnamwagia tena. Sigiri inalala mbali na tenti. Si mlangoni, mbali.

Tutajuaje mtu ameingiliwa na hiyo hewa?

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, miguu haina nguvu, anaongea vitu visivyoeleweka, usingizi usio wa kawaida. Mnaona shida iko wapi? Hiyo ni kama malaria, ni kama hangova, na huku juu ni kama ugonjwa wa mlima. Nimepokea watu wamekaa na mgonjwa tangu alfajiri mpaka saa sita mchana wakisema ni pombe itaisha, mwingine wamempa dawa za malaria bila kupima. Angalieni vitu viwili, kama waliolala pamoja wanaumwa wote kwa wakati mmoja, na kama wakitoka nje kwenye hewa wanasikia nafuu. Malaria haiwashiki watu wanne wa tenti moja usiku mmoja saa moja. Watoto wanaanza kuumwa mapema kuliko wakubwa.

Tumpe maziwa?

Banange, maziwa! Hapana. Sumu iko kwenye damu na imepita kwenye mapafu, maziwa yanaenda tumboni, yatakutana wapi? Na mtu aliyelegea ukimnywesha, maziwa yanaingia kwenye mapafu, sasa una matatizo mawili. Msimpe maziwa, msimpe mafuta, msimmwagie maji ya baridi, msimwambie alale kidogo atakuwa sawa.

Fungueni tenti yote, mvuteni nje, na mnaoingia kumtoa msikae humo kutafuta simu. Toeni wote, hata anayesema yuko sawa. Akiwa anapumua lakini haamki mlazeni kwa ubavu. Kama hapumui anzeni kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, bila kuacha, huku mwingine anapiga simu 999 au 112 na mwingine anatafuta gari. Halafu hospitali au kituo chenye oksijeni. Usiku huo huo.

Ametoka nje amepata nafuu, anacheka, hospitali ya nini tena?

Twende naye hivyo hivyo anavyocheka. Kwenye hewa ya kawaida inachukua kama saa nne au tano kwa hiyo sumu kupungua nusu tu, kwa oksijeni ya maski inakuwa kama saa moja au moja na nusu. Muda wote huo ubongo na moyo vinangoja. Na kuna watu wanapona siku ile halafu baada ya siku au wiki kadhaa wanaanza kusahau vitu, kukasirika ovyo, kutembea vibaya. Mama mjamzito ndo kabisa, hata kama kichwa chake kimeacha kuuma mtoto tumboni anabaki na sumu muda mrefu kuliko mama.

Na kile kifaa cha kubana kidoleni ambacho kila mtu alinunua wakati wa Covid, msikitegemee hapa. Hakiwezi kutofautisha oksijeni na hiyo hewa mbaya kwenye damu, kinaweza kusoma 98 na mtu yuko hali mbaya. Mkifika semeni sentensi moja tu, tulilala na sigiri ndani. Msione aibu mkatuambia alikula kitu kibaya, mtatupeleka njia isiyo yake na dakika zinaenda.

Chakula kilichobaki jioni tunaweza kula asubuhi?

Bila friji, chakula kilichopikwa, ukiacha chapati kavu na uji ulio moto kwenye flaski, kisikae zaidi ya saa mbili. Wali na maharage vya jana kwenye sufuria iliyofunikwa vinaonekana vizuri na havinuki, halafu mnanifikia mmeshika matumbo. Pikeni kinachotosha. Maji ya kunywa mchemshe, na mkiwa juu ya mita 2,000 yaacheni yatokote dakika tatu nzima, si yale ya kuona mapovu mawili mkaridhika.

Na kama ni dakika tano tu, kupasha chai, tenti tunaifungua baadaye?

Hapana. Flaski.

Kitu kingine cha kufanya tukifika?

Kabla giza halijaingia muulizeni mwenye kempi mambo matatu: kituo cha afya cha karibu ni kipi, kama kina oksijeni, na nani pale ana gari linalowaka usiku. Boda haiwezi kubeba mtu asiyejitambua kwenye njia zetu za matope. Namba ziandikeni kwenye karatasi, mtandao huku juu unapotea na simu zenu saa tisa usiku zote zimeisha chaji kwa sababu ya spika.