Launji ya uwanja wa ndege: ni nini, na kwa nini hazilingani

Launji ni ukumbi ulio ndani ya uwanja wa ndege, mara nyingi ukishapita ukaguzi wa pasipoti, ambamo abiria husubiri ndege yake akiwa na kiti cha kuegemea, chakula, kinywaji, intaneti na choo kisicho na foleni. Kwa Kiswahili ungeweza kuuita ukumbi wa mapumziko, lakini sijawahi kusikia mtu akisema hivyo mdomoni.

Usiichanganye na ule ukumbi wa VIP tunaouona kwenye taarifa ya habari, waziri akiwa amezama kwenye kochi kubwa na maua ya plastiki pembeni. Ule ni wa serikali na watu wa itifaki. Launji ni biashara. Mama anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo anaingia bila kumjua mtu yeyote, mradi tiketi yake au kadi yake inaruhusu.

Chanzo chake ni Marekani. Mwaka 1939 shirika la American Airlines lilifungua Admirals Club kwenye uwanja wa LaGuardia, New York, na miaka ya mwanzo pesa yako haikukusaidia kitu: ulikuwa unaalikwa. Siku hizi kuna njia kadhaa. Ya kwanza ni tiketi ya daraja la biashara. Ya pili ni hadhi ya juu kwenye mpango wa maili, yaani pointi ambazo shirika humpa abiria anayesafiri nalo mara kwa mara. Mteja wa Kenya Airways aliyefikia ngazi ya Elite Plus ya SkyTeam, au wa Ethiopian aliyefikia Gold ya Star Alliance (hiyo ni miungano ya mashirika ya ndege), huingia kwenye safari ya kimataifa hata kama tiketi yake ni ya kawaida. Halafu kuna kadi za benki na mitandao ya uanachama kama Priority Pass, iliyoanza mwaka 1992. Na zipo launji nyingi ambazo unatoa pesa mlangoni, yakaisha.

Sasa, ubora. Watu hubishana kama vile launji zote zingepaswa kufanana, wakati kinachoamua ladha ya chakula ni jambo moja tu: nani analipa, na anataka nini kwako.

Shirika la ndege likiwa nyumbani kwake linataka ukaringe nalo. Pale Bole, Addis Ababa, launji ya Ethiopian inakupa injera na mchuzi wake, na kuna dada aliyevaa nguo nyeupe ya kienyeji anayekumiminia kahawa kutoka kwenye jebena, kile chungu cheusi chenye shingo ndefu. Istanbul, Turkish Airlines wana wapishi wanaooka pide, mkate wa Kituruki, mbele ya macho yako. Doha, kwenye Al Mourjan ya Qatar Airways, unakaa mezani na mhudumu anakuja kukuuliza unakula nini. Gharama hiyo ni tangazo. Shirika linajua kwamba ukifika nyumbani utasimulia.

Launji ya mkandarasi, ile inayopokea abiria wa mashirika kumi tofauti pamoja na wenye kadi, hesabu yake ni nyingine. Kadi yako ikipita kwenye mashine pale mlangoni, mwenye launji anadai kiasi walichokubaliana na benki au mtandao kwa kichwa kimoja. Unywe maji ukaondoka, au ule sahani nne, kiasi ni kilekile. Kwa hiyo kila kijiko unachoongeza kinatoka kwenye faida yake. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini tambi na wali huwa mbele, kuku amekatwa vipande vya kuhesabu na yuko mwisho wa meza, na sahani zenyewe ni ndogo kama za chini ya kikombe.

Tena chakula chenyewe mara nyingi hakipikwi pale. Kinatoka jiko kubwa, kinawekwa kwenye vyombo vya bufee, vile vya harusini vyenye maji ya moto chini. Mchuzi hauna shida, unavumilia. Sambusa haivumilii: ukiifunika, mvuke unailowesha, ganda linalegea kama chapati ya jana. Niliwahi kukaa kwenye launji moja, saa nne usiku, nikakuta sambusa sita zimeshikana kwenye chombo kimoja, na kila mgeni anafunua, anatazama, anafunika. Nami nilifunika.

Kipimo changu ni chai. Maji ya moto na kijipakiti chenye uzi unavipata popote duniani. Lakini launji ya Afrika Mashariki iliyojisumbua kuchemsha chai ya maziwa yenye tangawizi na kuiweka kwenye chupa, hiyo imewafikiria watu wake. Asubuhi natazama mayai: yakikaangwa ukiagiza, kuna mtu jikoni. Yakiwa yamevurugwa na kurundikwa tangu alfajiri, kula matunda.

Starehe nayo haiko kwenye ngozi ya kochi. Iko kwenye soketi iliyo karibu na mkono, bafu lenye taulo kavu kwa anayeunganisha ndege, na mahali pa kuswalia ambapo hupishani na mifagio. Na saa ina nguvu kuliko samani. Ndege nyingi za Nairobi na Dar es Salaam kwenda Ulaya huondoka usiku, hivyo ukumbi uleule uliokuwa kimya saa tano asubuhi, saa nne usiku watu wanakaa juu ya mikono ya viti. Anayeusifu na anayeulaani wote wanasema kweli.

Msongamano huu umekuwa tatizo la dunia nzima, kwa sababu benki zimegawa kadi nyingi kuliko viti. Huko Marekani, shirika la ndege la Delta lilianza Februari 2025 kuwawekea wenye kadi ya American Express Platinum kikomo cha kuingia launji zake mara 10 kwa mwaka, isipokuwa wale wanaotumia pesa nyingi mno kwenye kadi. Mashirika ya Ghuba yalipita njia nyingine: Emirates mwaka 2019, na Qatar Airways mwaka uliofuata, walianza kuuza tiketi za bei nafuu za daraja la biashara zisizo na launji. Mtu anaweza kuwa na kiti cha kulala ndani ya ndege na akarudishwa mlangoni kwa adabu. Soma tiketi kabla hujavaa koti.

Huduma ndiyo huonekana kwa shida zaidi, maana inapokuwa nzuri hutambui kitu. Sahani chafu imeondoka hujui saa ngapi. Meza imepanguswa. Ila kuna jambo moja linalowaponza wageni: launji nyingi hazitangazi ndege, ili pawe kimya, na mtu akisinzia ndiyo basi. Kwenye launji ileile ya sambusa, kijana wa usafi alimwinamia mama mmoja wa makamo aliyelala na mtandio usoni, akagonga meza taratibu kwa kidole. "Shikamoo mama. Wewe si wa Muscat? Wameanza kuingia, na geti lenu ni lile la mwisho kabisa."

Mama akaitikia marahaba huku miguu inatafuta viatu chini ya kochi.