Jika-tabi za bei nafuu: zinavyokaa mguuni na zinapoharibikia

Mvaaji wa kandambili anaijua kazi ya ule mkanda unaopita kati ya kidole gumba na cha pili: kidole gumba ndicho kinachoshika. Jika-tabi ya Japani inategemea mshiko huohuo, ila mguu mzima umefunikwa kwa kitambaa kizito cha pamba, na chini kuna soli ya mpira. Ni kiatu cha kazi. Huvaliwa na maseremala, watunza bustani, mafundi wanaopanda majukwaa ya ujenzi, na wavuta riksho wa watalii. Jozi ya kawaida nyeusi huuzwa kwao kwa yeni elfu chache tu. Buti za ngozi za Maison Margiela, kampuni ya mavazi ya kifahari, zenye umbo hilo, zilizoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1988, huzidi dola 1,000. Hizo ni za mitindo. Hapa nazungumzia zile za kufanyia kazi.

Zamani kibarua wa Japani alivaa tabi, yaani soksi ya kitambaa yenye mgawanyiko, juu ya ndara za kusuka kwa majani ya mpunga. Ndara hizo hazikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, huko Kurume katika kisiwa cha Kyushu, ndugu wawili wa ukoo wa Ishibashi walianza kuuza tabi iliyogandishwa soli ya mpira. Jina lao lina maneno mawili, jiwe na daraja. Mmoja wao, Shojiro, aliyageuza kwa Kiingereza alipoanzisha kiwanda cha matairi mwaka 1931, ndiyo Bridgestone ya leo. Viatu vyenye mgawanyiko viliingia hata kwenye mbio: Shigeki Tanaka alishinda marathoni ya Boston mwaka 1951 akiwa amevaa vya namna hiyo, na katika miaka ya 1990 Nike walitoa Air Rift, iliyopewa jina la Bonde la Ufa kwa heshima ya wakimbiaji wa Kenya.

Anayeagiza kutoka mbali hukosea kwanza kwenye kipimo. Ukubwa wa Kijapani huandikwa kwa sentimita, na sentimita hizo ni za mguu wako, si za kiatu. Pima jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama uzito wote ukiwa kwenye mguu huo, kisha weka alama mbele ya kidole kilicho kirefu zaidi. Pima miguu yote miwili ufuate ulio mkubwa. Ukipata 25.3, chukua 25.5. Na upime ukiwa umevaa soksi zenye mgawanyiko, kwa sababu soksi ya kawaida ukiilazimisha iingie kati ya vidole hujikunja, na pale penye mkunjo ndipo malengelenge huota.

Lakini urefu peke yake hautoshi. Kiatu hiki hukubali au hukataa mguu pale kitambaa kinapogawanyika. Mimi hupaita panda. Ukisimama wima, kisigino kikiwa kimekaa nyuma kabisa, mshono wa panda uguse kidogo tu nyama iliyo kati ya vidole. Ukikandamiza ukiwa umesimama, baada ya saa mbili utakuwa unakata. Ukiwa na nafasi kubwa, mguu utateleza mbele kila unaposhuka ngazi na kucha zitagonga. Kuna miguu yenye vidole vifupi: panda inabana ilhali mbele kumebaki nafasi. Hiyo hutibika kwa kupanda nusu saizi. Vidole virefu ni shida zaidi, maana ncha zinabanwa huku panda ikiwa tupu, na kila ukiongeza saizi panda inazidi kwenda mbele. Hapo badilisha mtengenezaji, usihangaike na namba.

Mpasuko wa kuvalia uko upande wa ndani wa kifundo, na hufungwa kwa kohaze, vichuma bapa vyenye umbo la ukucha vinavyochomekwa kwenye vitanzi vya uzi. Fupi huwa na kohaze 5 au 7. Zile za 10 au 12 hupanda hadi kwenye shavu la mguu. Vitanzi vina safu zaidi ya moja ili ukaze au ulegeze. Anza na ya chini kabisa, upande juu moja moja. Ukianzia juu, kitambaa hujikusanya kwenye kifundo na za chini hazifiki. Ukivua, fungua zote. Anayevuta mguu huku mbili za chini zimefungwa ndiye anayekata vitanzi.

Kitanzi kikikatika si sababu ya kutupa kiatu. Chukua uzi wa nailoni wa fundi viatu, upitishe mara mbili kwenye matundu yaleyale, acha upana wa kohaze kuingia kwa kubana, kisha funga fundo upande wa ndani ambako halitagusa ngozi. Soli huanza kubanduka pale mguu unapokunjikia, chini ya vidole. Sugua pande zote mbili kwa msasa, futa vumbi, paka gundi ya mpira nyembamba kila upande, subiri ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubane. Wengi hubana ikiwa bado mbichi, na baada ya wiki imeachia tena.

Soli ni nyembamba na haina kisigino kilichoinuka. Ndiyo maana fundi huhisi ukingo wa ubao kwa unyayo, na ndiyo maana msumari nao hupenya. Kwenye vifusi tafuta aina yenye kinga ngumu. Aliyezoea viatu vyenye kisigino aanze na nusu saa kwa siku kwa wiki mbili hivi, la sivyo mshipa wa nyuma ya kifundo utauma. Ukifua, tumia maji baridi na brashi, geuza mdomo wa kiatu chini, anika kivulini. Jua kali huukausha mpira ukapasuka, na ufa wa kwanza huonekana pembeni mwa panda.