Je, wajua kwa nini matangazo yanazidi kwenye video za mtandaoni?

Mjomba wangu ana mikorosho Tandahimba. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukianza kunyemelea maua, hukaa barazani na simu akitafuta video ya namna ya kupulizia salfa. Safari hii alikuwa kwangu Mtwara mjini, na kabla ya video yakaja matangazo mawili mfululizo. "Mjomba, mbona hili halirukiki?" akaniuliza.

Nikamwambia kuna mnada.

Mnada wa korosho anaujua vizuri. Mzigo uko ghalani, wanunuzi wanatia bei, zamani kwa bahasha na siku hizi kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, na wakulima wakiona bei haifai wanaikataa. YouTube nayo inanadi, ila mzigo wenyewe ni sekunde chache za macho yako. Ukibonyeza video tu, kompyuta zinashindanisha watangazaji wanaokutaka, kufumba na kufumbua mshindi kapatikana. Tofauti kubwa ni kwamba wewe mwenye macho huitwi mnadani, wala huna nafasi ya kusema bei hii siitaki.

Sasa, anayeishi kwa mnada akitaka fedha zaidi huongeza mzigo wa kunadi. Zamani video ilipaswa kufika dakika 10 ndipo matangazo yaingie katikati. Julai 2020 kiwango kikashushwa hadi dakika 8. Novemba mwaka huohuo kampuni ikajipa haki ya kuweka matangazo hata kwenye video za watu wasiokuwa kwenye mpango wake wa kugawana mapato, bila kuwapa hata senti. Waliomo hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo ya video ndefu. Mapato ya YouTube kwa matangazo yalikuwa kama dola bilioni 15 mwaka 2019; mwaka 2024 yalipita bilioni 36.

Kukwepa kupo, kwa kulipa. Huduma hiyo ilianzia Marekani Oktoba 2015, na leo inaitwa YouTube Premium. Ukilipa kila mwezi, ni kama umeyanunua macho yako mwenyewe kabla hayajafikishwa mnadani. Sehemu ya fedha hiyo huwaendea wenye video, kulingana na muda uliowatazama.

Kinachoniuma mimi ni bando. Tangazo nalo ni video, linakula MB kama video nyingine. Aliyeko ofisini kwenye Wi-Fi hahisi kitu. Mjomba, aliyejiunga bando la siku ili ajifunze kuokoa maua ya mikorosho yake, anatoa muda wake na MB zake kumtazama mtu anayemuuzia kitu asichokiomba.

Akataka kujua kama akilipa atapumzika kabisa. Hapana, mjomba. Kinachoondoka ni matangazo yanayowekwa na YouTube. Mwenye video akikatisha maelezo ya salfa na kuanza kusifia bidhaa ya aliyemlipa, hayo yamo ndani ya video yenyewe, nawe utayasikia kama wengine, labda uyapeleke mbele kwa kidole.